Wenyeji ni Nani? Kitabu cha Katuruka Kisomwapo Ujiji

Mwaka 2017 Profesa Peter R. Schmidt alitoa kitabu kwa Kiingereza, kiitwacho Community-based Heritage in Africa, juu ya wanakijiji wa Buhaya walioshika wenyewe kazi ya kuchunguza na kutunza mambo yao ya kale. Kitabu hiki kimezunguka mikononi mwa walimu kadhaa wa pwani yetu ya Ziwa Tanganyika, na swali walilonipa ni moja: je, yaliyofanywa Katuruka yaweza kufanywa Ujiji, Kigoma, Uvinza na Karema, na hasa pamoja na vijana? Nimekisoma kwa ajili ya swali hilo. Naona yaweza kufanywa. Lakini kitabu kikifuatwa kama kilivyo kitatupotosha mahali pamoja, napo ndipo penye maumivu.

Kwa ajili ya wasiokipata, habari yake ni hii. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba, palikuwa na mti mtakatifu uitwao Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, na mnara ule ukaanguka. Mwaka 1970 Schmidt, angali kijana, alichimba pale walipomwonyesha wazee, akakuta mabaki ya kazi ya chuma. Na makaa yalipopimwa yalionekana kuwa ya karne kadhaa kabla ya Kristo. Wataalamu wamebishana sana juu ya hesabu hiyo, maana mti uliochomwa makaa waweza kuwa mzee kuliko tanuru lenyewe. Lakini hata wakibishana hivyo, hadithi ya wazee ndiyo iliyomwonyesha mchimbaji mahali pa kutia jembe, na jambo hilo peke yake lingetosha kuwanyamazisha wale wasemao kwamba masimulizi ya Mwafrika ni hewa tupu.

Miaka mingi baadaye Schmidt alirudi, akawakuta wengi wa wasimulizi wake wamekwisha kufa. UKIMWI, uliotambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umepita nyumba kwa nyumba. Ndipo wanakijiji wenyewe walipomtaka awasaidie. Wakafanya kamati, wakawahoji waliobaki, wakaandika, wakaijenga tena nyumba ya kale ya mfalme ili watoto waione. Sehemu bora ya kitabu, kwa maoni yangu, ni ile ya wanawake. Zamani mchunguzi aliketi na wanaume, kwa kuwa ndio waliotolewa nje kumkaribisha. Vita ya maradhi ilipowaondoa wanaume, ikaonekana kwamba wajane na mabibi walikuwa na elimu yao, na nyingine haikupata kamwe kuwa ya wanaume. Yatupasa kumshukuru mwandishi kwa kulisema jambo hili wazi, maana si kila mtaalamu apendaye kuonyesha kwamba nusu ya mji haikuulizwa.

Sasa nasema mahali ninapoachana naye. Neno linalobeba kitabu chote ni jumuiya. Katika Buhaya neno hilo lina mwili: watu wana lugha moja, koo zao zajulikana, kila ukoo una shamba lake la migomba lenye makaburi ya mababu, na juu ya yote yupo mfalme mwenye jina na nyumba yenye mahali pake. Kamati ikikutana chini ya mti, hakuna aulizaye kamati hiyo ni ya nani. Lakini Ujiji haina mnara wa Rugomora. Burton na Speke walipofika mwezi wa Februari mwaka 1858 walikuta Wajiji, ambao ni tawi la Waha, wakiwa na wateko wao waliosimamia ardhi na soko; na pamoja nao walikwisha kuwako wafanya biashara kutoka pwani ya bahari. Baadaye wakaongezeka Wanyamwezi, Wabwari na Wagoma kutoka ng'ambo ya ziwa, Wabembe, na Wamanyema kwa maelfu, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kamba. Kusini wako Watongwe, mashariki Wavinza. Na katika siku zetu mkoa huu umepokea mara kwa mara wakimbizi wa Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wako vijana waliozaliwa humo ambao hawajui kwao kwingine.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani wakisema juu ya vijana wa asili ya mahali, sisi twatafsiri wenyeji, au wazawa. Na tulitazame neno lenyewe. Mwenyeji kwa Kiswahili ni yule aliye wa mahali, na pia ni yule ampokeaye mgeni. Mtu aweza kuwa mwenyeji wa mji, tena akawa mwenyeji wangu kwa usiku mmoja. Mzawa ni aliyezaliwa hapo, basi. Katika Ujiji maneno haya mawili hayakai juu ya kichwa kimoja. Mmanyema ambaye babu wa babu yake alifika kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ni mzawa kabisa, hana kwao kwingine, na Kiswahili cha mji ni cha nyumbani kwake. Mjiji ndiye mwenyeji kwa haki ya ardhi na ya wateko. Mtu akija na fedha za kuchimba pamoja na vijana wenyeji, akaunda kamati ya watu kumi na wawili, tayari amekwisha kutoa hukumu katika shauri ambalo mji wenyewe umelikalia kimya kwa zaidi ya miaka mia. Katuruka haikuwa na haja ya kujibu swali hili, kwa hiyo kitabu hakituonyeshi namna ya kulijibu.

Wengine watasema, mbona Ujiji ina ukumbusho wake na wote wanaupokea? Ni kweli unao. Mahali ulipokuwapo mwembe ambao chini yake Stanley alimkuta Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley, pana jiwe lenye ramani ya Afrika, na karibu yake pana nyumba ya kuhifadhia, yenye sanamu za Wazungu hao wawili wakiamkiana. Miembe iliyopo yahesabiwa kuwa uzao wa ule wa kwanza. Siudharau ukumbusho huu. Lakini watu wote wameupokea kwa sababu hauwahusu. Mtoto wa Ujiji apelekwapo kule na mwalimu wake atoka akijua kwamba wageni wawili walisalimiana. Hajui ni nani aliyewauzia samaki, wala kwa shanga gani. Shanga zenyewe zajulikana: ziliitwa sofi, mfano wa vipande vya mti wa kiko vilivyovunjika, nazo ndizo zilizokuwa fedha ya soko la Ujiji katika miaka ile. Aliyetoka mbio kumlaki Stanley alikuwa Susi, yule ambaye pamoja na Chuma aliwaongoza wenziwe kuubeba mwili wa bwana wao hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. Somo zima la wapagazi, uaminifu wao na mishahara yao, laweza kufundishwa kwa jina hilo moja; badala yake twafundisha namna ya kuvua kofia.

Tena mahali penyewe pamehama. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda kwa muda mrefu, kwa kuwa mlango wa Lukuga upande wa Kongo ulikuwa umezibwa. Mnamo mwaka 1878 maji yakauvunja, na hata kufika mwaka 1894 ziwa lilikuwa limeshuka kadiri ya mita 10. Kwa hiyo ufuko ambao Livingstone aliuona si ufuko wa leo. Asimamaye kwenye jiwe la ukumbusho leo hulitafuta ziwa kwa macho, na kulifikia ni mwendo. Kumbe kati ya ufuko wa zamani na wa sasa pana ukanda wa ardhi ambao vijana wa Ujiji wangeweza kuupima kwa kamba na vijiti, wakauchora kwenye karatasi, bila kuinua jembe hata mara moja. Na kwa kuwa katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena yakaingia katika nyumba za watu na magati, kazi hiyo isingekuwa ya mambo ya kale tu. Wavuvi wangekuja kuitazama ramani.

Jina jingine tulilopewa ni lile la mwaka 2006, serikali yetu ilipopeleka kwa UNESCO orodha ya mahali panapoombewa kuwa urithi wa dunia, na ndani yake njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, kuanzia Bagamoyo, kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, hata Ujiji. Stephanie Wynne-Jones, ambaye yeye na Sarah Croucher walitoa mwaka 2007 taarifa ya uchunguzi wao wa kwanza katika njia hiyo, aliandika tena mwaka 2011 juu ya ugumu wa kuikumbuka kwa jina la utumwa. Na Stephen Rockel katika kitabu chake cha mwaka 2006 alionyesha kwa kirefu kwamba mzigo wa misafara ulibebwa zaidi na watu huru, Wanyamwezi hasa, waliofanya kazi kwa ujira na wenye fahari ya kazi yao. Wapo walimu waliozisikia habari hizi wakafurahi kupita kiasi, wakaanza kusema kwamba utumwa ulikuwa hadithi ya Wazungu tu. La, haikuwa hadithi. Watu waliuzwa Ujiji. Lakini ni kweli pia kwamba mji hauwezi kuwekwa wote chini ya kibao kimoja, na kijana akiambiwa kwamba urithi wake ni mnyororo, ama ataukimbia urithi huo, ama atauuza kwa watalii.

Wapo watakaosema: basi tuanze mahali pasipo na aibu, tuanze na chumvi. Shauri hili ni zuri, nami nalikubali nusu. Chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, zilichunguzwa mwaka 1967 na J. E. G. Sutton na A. D. Roberts, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Azania mwaka uliofuata: ikaonekana kwamba watu walichemsha maji ya chumvi pale tangu karne ya tano au ya sita baada ya Kristo. Chumvi hiyo ilikwenda Buha, Burundi, Unyamwezi na ng'ambo ya ziwa kabla hajaonekana Mwarabu wala Mzungu. Hapa kijana wa Uvinza ana jambo la kujivunia lisilohitaji ruhusa ya mtu. Kusini zaidi, Ufipa ina matanuru yake marefu ya udongo yaitwayo malungu, aliyoyachunguza Bertram Mapunda, Mtanzania mwenzetu. Na kwenye maporomoko ya Kalambo, pale mpakani, ilitangazwa mwaka 2023 habari ya magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na wanadamu zaidi ya miaka 476,000 iliyopita. Mambo haya yote yafundishwe. Lakini nasema nusu, kwa sababu mwalimu aweza kujificha nyuma ya chumvi na magogo miaka yote asifike Ujiji. Mambo ya kale sana hayamchomi mtu. Ni ya juzi yanayochoma.

Na sheria yetu nayo, pasipo kukusudia, imeelekea upande huo huo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakihesabu kitu kuwa cha kale ikiwa kilifanywa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863, ingawa Waziri ana uwezo wa kutangaza vingine. Mtungi uliovunjika siku ile Stanley alipoingia mjini umepungukiwa na miaka minane. Simlaumu aliyeiandika, alihitaji mpaka, akaukata. Lakini karibu kila kigae na kila ushanga wa Ujiji unaotueleza habari za babu zetu umeangukia upande usiolindwa wa mpaka huo.

Wakati sisi tunazungumza hivi, vijana wanachimba. Kila mwalimu wa Kigoma anajua habari ya mali ya Mjerumani. Usiku watu hutoka na majembe, na mara nyingine na mganga, wakafukua chini ya mawe yenye alama na misingi ya nyumba za zamani wakitafuta rupia na dhahabu. Vigae hutupwa kando kama takataka. Tumezoea kuwacheka. Mimi siwacheki, maana fikira yao ina msingi. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, zenye picha ya tembo. Mwezi wa Julai mwaka huo huo waliizamisha kwa mikono yao meli yao Graf von Goetzen, wakiisha kuzipaka mashine zake grisi. Ikaopolewa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikajulikana kwa jina la Liemba. Kijana anayesikia kwamba meli nzima ilifichwa majini kusudi ipatikane tena, ataachaje kuamini kwamba sanduku lilifukiwa shambani vivyo hivyo? Huyu amekwisha kuwa mchunguzi wa mambo ya kale: anasikiliza masimulizi, anasoma alama za ardhi, anachimba. Hakuna aliyemfundisha kwamba kigae anachokitupa ndicho mali. Schmidt aliongozwa na mnara ulioanguka. Nasi tunaye kijana anayeongozwa na sanduku lililofukiwa, tena tunamfukuza kwa polisi. Kuchimba bila kibali ni kosa la sheria, na ni haki kuwa hivyo. Lakini baada ya kumkataza twampa nini mkononi?

Wala tusiseme kwamba vijana wetu hawapendi kazi za namna hii. Marehemu Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki Oktoba 2025, alianzisha mwaka 1991 pale Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi 12, chama cha vijana cha Roots & Shoots, ambacho sasa kimeenea katika nchi nyingi sana. Watoto wa shule za Kigoma hupanda miti, huhesabu viumbe, na wako wawezao kukutajia ukoo wa sokwe Flo, yaani binti yake Fifi na wajukuu wake, kwa utaratibu. Muulize mtoto huyo huyo jina la mteko mmoja wa Ujiji. Silisemi hili kwa kuwahusudu sokwe. Nasema kwamba ukoo wa Flo umefundishwa kwa sababu alikuwako mtu aliyekaa mahali pamoja miaka mingi akaandika kila siku, na akawapa vijana kazi yenye swali ndani yake, si kazi ya kubeba maji tu.

Hapo ndipo ninapopima kila shauri la kuwashirikisha vijana. Je, kijana ameajiriwa kuchekecha udongo ili apate posho ya wiki tatu, au ameulizwa anataka kujua nini? Mambo haya mawili huandikwa katika taarifa kwa neno lile lile. Najua kwa hakika maswali ambayo vijana wa Ujiji wangeuliza, maana huyauliza darasani mlango ukifungwa. Mmoja huuliza kwa nini bibi yake hutaja kabila lakini hataji ukoo. Mwingine, kwa nini ukoo wao una kiwanja kikubwa na wa jirani ulipewa pembeni. Haya si maswali ya shanga, lakini shanga, kiwanja na kaburi vyaweza kuyajibu. Na jibu laweza kuwa kwamba babu wa huyu alimnunua babu wa yule, nao wawili wameketi dawati moja.

Wasomaji wetu wengi ni makasisi na walimu wa misheni, kwa hiyo hawakai nje ya shauri hili. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwezi wa Januari mwaka 1879. Mwaka 1885 wakakabidhiwa ngome ya Wabelgiji kule Karema. Katika vituo vyao vya kwanza kando ya ziwa walikomboa watoto kwa kuwanunua, wakawalea, wakawabatiza, wakawaoza wao kwa wao, na vijiji vikazaliwa. Adriani Atiman, aliyewatibu watu wa Karema tangu mwaka 1889 hata kufa kwake mwaka 1956, alikuwa mtoto wa namna hiyo: alitekwa huko karibu na mto Niger, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa uganga Malta. Habari zake alizisimulia mwenyewe, nazo zilichapishwa mwaka 1946 katika Tanganyika Notes and Records. Yeye hakuona haya kusema alivyouzwa. Lakini alisema kwa kinywa chake na kwa wakati wake, na hiyo ndiyo tofauti ninayotaka itazamwe. Kijana akija parokiani leo akaomba kulitazama daftari la kale la ubatizo, na mbele ya jina la mama wa babu yake pakawa na neno la kuonyesha kwamba alikombolewa, ni nani mwenye haki ya kulisoma neno hilo kwa sauti? Huyo kijana? Na ndugu zake ishirini ambao hawakuuliza?

Lugha yetu yenyewe haitusaidii sana hapa. Mtumwa ni aliyetumwa, na mzizi wa neno ni mmoja na ule wa mtume. Paulo ajiita mtumwa wa Kristo, na Mkristo husoma hayo kanisani bila haya. Lakini mtu akiambiwa hivyo kwenye kisima, ugomvi umekwisha kuanza. Katika misafara neno hilo lilimhusu mfungwa mwenye kongwa, likamhusu pia mtu aliyekabidhiwa mali ya bwana wake akafanya biashara yake mwenyewe kandokando. Kijana apewe kwanza kazi ya kukusanya maneno, kabla ya kukusanya vigae: waungwana, watumwa, wajoli, wapambe, wapagazi, nani aliitwaje, na nani, na lini. Hii ni kazi ambayo mwalimu yeyote aweza kuiongoza kwa daftari na kalamu, tena ni ya kuheshimu watu, maana humwacha mzee aseme kadiri apendavyo.

Hapa naweza kusema lipi lichukuliwe kutoka Katuruka na lipi liachwe. Lichukuliwe lile la kuanza na masikio, na lile la kuwaendea mabibi kabla ya mabwana. Liachwe lile la kamati moja yenye sauti moja. Katika Ujiji afadhali mitaa ifanye kila mmoja daftari lake, Ugoyi lake, Gungu lake, kila mmoja na vijana wake, na madaftari yakipingana yaachwe yapingane. Mwalimu asijaribu kuyapatanisha ili apate hadithi nzuri ya kumwonyesha mgeni. Vitu vinavyoonekana juu ya ardhi vipimwe, vichorwe, viandikwe mahali pake, kisha viachwe pale pale mpaka atakapokuja mwenye kibali. Makaburi yasiguswe, mji ni wa Waislamu wengi, na masheikh na wazee wa misikiti washirikishwe tangu siku ya kwanza, wala si kwa barua ya mwisho ya kuwajulisha.

Limebaki jambo la mizimu, ambalo padre mmoja aliniambia ndilo lililomfanya akifunge kitabu. Kujenga upya nyumba ya Rugomora Mahe, je, si kurudisha ibada ambayo wazee wetu katika imani waliiacha kwa taabu? Sioni hivyo, lakini sitaki kulipitia upesi. Wamisionari wa kwanza walikata miti mitakatifu mahali pengi wakidhani wanakata ibada, na mara nyingi walikata daftari la pekee la nchi, kwa kuwa mti ndio uliokuwa ukiwakumbusha watu jina na mwaka. Lakini ni kweli pia kwamba nyumba ya mizimu ikisimama, atatokea mtu wa kuleta pombe na kuku. Mwalimu Mkristo aweza kumfundisha kijana kwamba hapa watu waliabudu, na namna walivyoabudu, kwa ukweli ule ule tunaotumia kumfundisha habari za Efeso. Asilolifanya ni kumtuma kijana aigize ibada mbele ya mgeni mwenye kamera. Katika hilo nasimama na padre yule, na ningependa kitabu kingesema zaidi juu ya wale Wakristo wa Katuruka ambao dhamiri zao zilisumbuka, nasadiki walikuwako.

Lawama ya mwisho ni ndogo, lakini kwetu ni kubwa. Kitabu juu ya elimu iliyo mali ya wanakijiji kimeandikwa kwa lugha ambayo wengi wa wanakijiji hawaisomi, na bei yake haimwelekei mwalimu. Haingefaa kungoja chote kitafsiriwe. Sehemu zinazosimulia habari za wanawake wa Buhaya zingetosha kuanza nazo, kwa Kiswahili chepesi, kijitabu cha kurasa arobaini hivi, ambacho kijana wa Ugoyi angeweza kumsomea bibi yake jioni. Na bibi akimkatiza katikati kusema kwamba kwao haikuwa hivyo, kijana awe na kalamu karibu.